Huduma za fedha kwa simu Ufipa

Huduma za fedha kwa simu Ufipa ni utaratibu wa kutuma, kupokea, kuweka na kukopa pesa kwa simu ya mkononi kama unavyotumika katika mji wa Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Huduma hizo zimechukua sehemu kubwa ya kazi ambayo zamani ilifanywa na benki, posta au msafiri aliyeaminiwa kubeba bahasha. Hata hivyo hazijaondoa pesa taslimu. Zimehamisha tatizo la noti kutoka kaunta ya benki hadi droo ya wakala wa kijijini.

Umbali wa benki

Ufipa iko kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,540,519 katika mkoa wa Rukwa, wengi wao wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Matawi ya benki yamekusanyika zaidi Sumbawanga mjini na katika makao makuu ya wilaya. Kwa mvuvi wa mwambao wa Kasanga au mkulima wa bondeni, kwenda benki kulimaanisha kupanda milima, kulipa nauli na pengine kulala mjini.

M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Ilifuatwa na Tigo Pesa (leo Mixx by Yas), Airtel Money na HaloPesa. Miaka ya mwanzo kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa na usumbufu, ndiyo maana watu wengi walitembea na laini mbili au tatu. Makubaliano ya mwaka 2014 kati ya baadhi ya kampuni, ambayo Vodacom ilijiunga nayo mwaka 2016, yalipunguza kero hiyo. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania (BoT) iliunda mfumo wa TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu katika malipo ya papo kwa papo.

Kwa nchi nzima, utafiti wa FinScope ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha waliongezeka kutoka asilimia 65 mwaka 2017 hadi 76 mwaka 2023. Ongezeko hilo limetokana zaidi na simu kuliko akaunti za benki.

Wakala na msimu wa mahindi

Wakala huhitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: salio ndani ya simu, ambalo wengi huliita floti, na noti mkononi. Mteja anapoweka pesa, noti za wakala huongezeka na floti hupungua. Anapotoa, mambo hugeuka. Mjini mizani hiyo hujirekebisha yenyewe, kwa kuwa anayetoa hufuatwa na anayeweka. Kijijini watu wote hufuata kalenda moja.

Mavuno yanapoingia, wanunuzi wa mahindi hufika na malori na wengine hulipa kwa simu. Malipo hayo yana faida yake: muuzaji haogopi noti bandia wala kulala na fedha nyingi ndani ya nyumba. Lakini vibarua, magunia na mashine ya kusaga mara nyingi hulipwa taslimu, hivyo kila aliyeuza anataka kutoa siku zilezile. Noti za wakala huisha mapema huku floti ikirundikana, na lazima asafiri kwenda benki au kwa wakala mkuu kubadilisha. Mkulima mwenye salio halali kwenye simu anaweza kuambiwa arudi kesho. Unapofika wakati wa karo na mbolea, watu huja kuweka na kutuma, na sasa kinachopungua ni floti.

Tangu BoT iruhusu uwakala wa benki mwaka 2013, benki kama CRDB na NMB zimekuwa zikitumia maduka ya aina hiyohiyo. Duka moja la rejareja huweza kuwa na simu nne na mashine ya benki juu ya meza. Ni benki ndogo isiyo na mlinzi.

Tozo na mikopo

Tarehe 15 Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa pesa, juu ya makato ya kampuni. Malalamiko yalikuwa makubwa, watu wengi nchini wakapunguza miamala, na Septemba mwaka huohuo tozo ikashushwa kwa asilimia 30. Ilipunguzwa tena miaka iliyofuata.

Mikopo ya simu, iliyoanza kujulikana kwa M-Pawa mwaka 2014, humfaa mwenye dharura ndogo. Kwa mkulima muda wake ni mfupi mno: deni hudaiwa baada ya wiki chache, mahindi hukaa shambani miezi. Ndiyo sababu VICOBA havijafa. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni.

Ulaghai

Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za miaka ya karibuni zimeitaja Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa simu. Takwimu hizo huhesabu majaribio yaliyobainika, si watu waliotapeliwa, hivyo si sahihi kuzisoma kama hukumu juu ya wakazi wote wa mkoa.

Ujumbe unaojulikana zaidi humtaka mpokeaji atume "ile pesa" kwenye namba nyingine, kana kwamba mazungumzo yalikuwa yameshaanza. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, haukumaliza tatizo, kwani laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja huweza kutumiwa na mwingine. Mwananchi anaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake, na kutuma namba ya tapeli kwenda 15040.

Walio hatarini zaidi ni wazee wasiosoma vizuri, ambao humpa mjukuu au wakala namba yao ya siri ili awasaidie. Anayegundua kosa mapema na kumpigia mtoa huduma anaweza kuwahi kuzuia muamala. Fedha zikishatolewa taslimu kwa wakala mwingine, kinachobaki ni kutoa taarifa polisi.