Mtoto na Suratul Maun

Ndugu wazazi, desturi ya vyuo vyetu, baada ya Alhamdu, ni kuanza juzuu ya Amma toka Suratun Nas na kupanda, kwa kuwa sura hizo ni fupi na ulimi wa mtoto huziweza. Basi haupiti muda ila amefika Suratul Maun, sura ya 107, yenye aya 7. Huisoma vizuri, wala hajui yasemwayo humo.

Sisi twaona hapo ndipo pa kusimama naye. Mwambieni kwa maneno mepesi: Mwenyezi Mungu anamlaumu amsukumaye yatima, na waswalio kwa kujionyesha, kisha wakanyima vitu vya kusaidiana. Abdallah bin Masud (R.A.) alivifasiri kuwa ni kama chungu, ndoo na shoka. Hayo mtoto wa miaka 6 huyafahamu upesi. Si ndiye atumwaye kuviazima?

Lakini jirani akitaka mbuzi ya kukunia nazi, mama akasema, "Mwambie haipo," nayo i uani, sisi tutamfasiria nini tena? Chuoni hukaa saa chache tu. Mpeni mbuzi hiyo, aipeleke kwa mkono wake.