Bibi akisahau, msimgombeze

Mwaka 1901, Auguste Deter, mama wa miaka 51, alilazwa hospitali mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa akisahau mambo na kumshuku mumewe bila sababu. Alipofariki mwaka 1906, Dk. Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabonge na nyuzi zilizosokotana.

Leo inafahamika kuwa hizo ni protini, amiloidi na tau, zinazojikunja vibaya na kurundikana, huku seli za ubongo zikifa.

Kwa hiyo bibi anayeuliza jambo moja mara kumi, au anayemtuhumu mkwewe kumwibia kanga, hafanyi kusudi wala hakurogwa. Msibishane naye. Mpelekeni hospitali mapema, kwani baadhi ya visababishi vya usahaulifu, kama upungufu wa vitamini B12, hutibika.