Mwenye spika analipwa, mwenye sindano anaambiwa njoo kesho

JICHO LA MTAA
Na Mwanaidi Kilumbi

Msimu wa maonesho ya mavazi umewadia. Kuanzia sasa hadi Desemba iishe, kumbi za Dar es Salaam zitatandikwa mazulia na kufungwa taa, na kurasa za burudani zitajaa majina ya wabunifu, wanamitindo na waalikwa waliokaa mstari wa mbele. Nayapenda maonesho haya. Tangu Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week hapa jijini mwaka 2008, na kwa juhudi za wakongwe kama Asia Idarous Khamsin, ubunifu wa mavazi umepata heshima. Mtoto akisema nyumbani kwamba anataka kuwa mbunifu, siku hizi wazazi wanamsikiliza.

Leo nawazungumzia wasiopita jukwaani. Kuna wapiga pasi, wavalishaji, mafundi wa marekebisho, wasusi, wapaka vipodozi, wabeba masanduku, na yule kijana anayesimama kando ya pazia akihesabu hatua za aliyetangulia kabla ya kumruhusu mwingine. Wale niliowahi kuzungumza nao, na si wachache, wana habari moja: onesho linakwisha saa sita usiku, wanakunja nguo, wanazoa pini sakafuni, kisha wanaambiwa malipo ni wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, simu inaita tu.

Anayekaa mbele analiona vazi kwa muda usiofika dakika moja. Nyuma, vazi hilo lina watu tangu asubuhi. Mwaka juzi niliomba kukaa huko nyuma siku nzima, nikaruhusiwa. Kilikuwa chumba cha mikutano cha hoteli, meza zimesukumwa ukutani, sakafuni wametandika mashuka meupe ili pindo za magauni zisikokote vumbi. Kwenye kona alikaa mama wa makamo mwenye pasi mbili. Vijana wote walikuwa wanamwamkia kwanza ndipo wanampa nguo. Kitenge kimoja kilipofika mikononi mwake hakukiamini kwa macho. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, akauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, hunuka plastiki na kuacha kishanga kigumu. Uzi ule ukajikunja. Akapunguza moto, akageuza nguo ndani nje, akaweka kipande cha kanga juu yake ndipo akapitisha pasi. Mbunifu alikuwa ameuziwa kitambaa kile kwa bei ya pamba tupu. Pasi ya moto wa pamba ingekiyeyusha na kukikunja palepale, saa mbili kabla ya wageni kuingia.

Ukutani walibandika picha za mavazi yote kwa mpangilio wa kutoka. Chini ya kila picha iliandikwa namba, jina la anayevaa, viatu, hereni, na mkanda unafungwa mbele au nyuma. Kijana mmoja alikuwa na kazi ya viatu tu. Vilikuwa vimeazimwa dukani na kesho yake vilitakiwa kurudi rafu bila mchubuko, kwa hiyo alibandika tepu chini ya kila soli na kuikata kwa wembe kufuata umbo lake. Vilivyokuwa vikubwa alivijaza pamba kwenye ncha. Kwa nguo za kupitishia kichwani, wavalishaji waliwafunika wanamitindo nyuso kwa mtandio mwepesi, wanja na poda visiguse kola.

Onesho likiwa katikati, zipu ya gauni moja ikafumuka kuanzia chini hadi juu. Mvalishaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Kifuani kwenye fulana yake alikuwa amechomeka sindano zilizokwisha kutungwa uzi, mweusi, mweupe na mwekundu. "Dada, simama wima, usiongee," akasema, akaanza kumshonea gauni mwilini, uzi mara mbili, mishono mirefu kutoka kiunoni kupanda juu. Mbele ya yule dada walikuwa wamebaki wanamitindo watatu. Wa pili alipokuwa anageuka mwisho wa jukwaa, binti alikuwa anafunga fundo. Gauni likatoka, likapigiwa makofi, likarudi. Binti akazikata nyuzi bila kugusa ngozi wala kitambaa, na vazi la pili lilikuwa tayari mkononi mwa mwenzake, vifungo vyote wazi, mguu wa kwanza wa suruali umekunjwa kama soksi ili uingie mara moja.

Huo ni ujuzi kamili. Anayeufahamu anaokoa kazi ya miezi sita ya mtu mwingine kwa dakika mbili, na asiyeufahamu anaweza kuiharibu kwa dakika hizohizo.

Sasa tazama malipo yanavyokwenda. Mwenye spika hashushi spika garini mpaka aone malipo ya awali. Mwenye ukumbi anataka fedha yake kabla ya kufungua milango. Mwenye jenereta anakuja na ankara. Hawa wanalipwa mapema kwa sababu wana kitu cha kushikilia, na mwandaaji anajua kwamba wakikishikilia hakuna onesho. Hata fundi cherehani wa Kariakoo au Mwenge ana nafuu kidogo: gauni liko kwake, na asipoona hela gauni halitoki. Mvalishaji atashikilia nini? Kazi yake inakwisha palepale inapofanyika. Mama wa pasi hawezi kuyarudisha makunyanzi kwenye nguo kwa sababu hajalipwa. Kifaa chao ni mikono, na wakati wa kudai unapofika, mikono imeshatoa kila kilichokuwemo.

Ndiyo maana sikubali maelezo kwamba tatizo ni uungwana wa mwandaaji mmoja mmoja. Wapo waungwana, na bado watu wao hulipwa mwisho, kwa sababu fedha ikipungua inapunguzwa pale ambapo hakuna anayeweza kuzima taa. Mtu asiye na cha kushikilia analindwa na karatasi iliyosainiwa kabla ya kazi, basi. Katika maonesho mengi karatasi hiyo haipo. Kuna ujumbe wa simu usemao "njoo saa mbili asubuhi, tutaongea", na wengine hata huo hawaupati, wanaitwa kupitia kwa rafiki.

Linaloniumiza zaidi ni vijana wanaoambiwa wanajitolea ili wapate uzoefu na kujulikana. Uzoefu sawa, wanaupata, na sina ugomvi na mwanafunzi anayekuja kujifunza siku moja kwa hiari yake huku nauli na chakula vikiwa juu ya mwenyeji. Lakini kujulikana kuko wapi? Kipeperushi cha onesho kina jina la mbunifu, la mshereheshaji, la mpiga muziki, na nembo za wadhamini hadi maji ya kunywa. Aliyepiga pasi nguo arobaini hayumo, wala aliyeshona gauni mwilini. Mtu analipwa kwa kujulikana, halafu jina lake haliandikwi popote! Filamu zetu, hata zile za bajeti ndogo kabisa, mwishoni zinapitisha majina hadi ya aliyepika chakula cha waigizaji. Kwa nini onesho la mavazi lishindwe?

Kusahaulika huku si kwetu peke yetu. Novemba 28, 1973, kasri la Versailles nje kidogo ya Paris lilifanyiwa onesho la kuchangia ukarabati wake, wabunifu watano wa Ufaransa wakikabiliana na watano wa Marekani. Usiku ule unakumbukwa kwa jinsi Wamarekani walivyowashangaza wenyeji, na kwa wanamitindo weusi walioliteka jukwaa. Wanaousimulia kwa undani hukumbuka pia pazia la mandhari la Wamarekani: lilitengenezwa kwa kuhesabu futi wakati ukumbi ulipimwa kwa mita, likafika fupi. Mchoraji Joe Eula akachora mnara wa Eiffel kwa mistari michache kwenye karatasi kubwa nyeupe, ikasimamishwa nyuma ya jukwaa, kazi ikaendelea. Jina la Eula tunalo kwa kuwa tayari alikuwa msanii wa kujulikana. Walioisimamisha ile karatasi, na waliokesha na nguo huku Wamarekani wakisubiri usiku mwingi zamu yao ya mazoezi, sijaona wakitajwa katika masimulizi niliyosoma.

Hata hivyo Ufaransa ina jambo ambalo ningependa wenzetu walitazame vizuri. Tangu 1945 jina la haute couture, yaani ushonaji wa hali ya juu, linalindwa na sheria, na nyumba ya mavazi hailipati bila masharti, mojawapo likiwa kuwa na karakana Paris yenye mafundi wa ajira ya kudumu. Heshima ya mwenye jina inategemea kuwepo kwa fundi, na fundi huyo awe na mshahara. Julai 2016, Karl Lagerfeld, mbunifu wa Chanel wakati huo, aliihamishia karakana ndani ya ukumbi wa onesho, Grand Palais. Mafundi walikaa kwenye meza zao, vyerehani na vitambaa vikiwa mbele yao, wageni wanatazama, wanamitindo wanazunguka. Miaka mitatu baadaye Pierpaolo Piccioli, aliyekuwa mbunifu wa Valentino, alitoka kuaga jukwaani jijini Paris akiwa na mafundi wake waliovaa makoti meupe ya kazi.

Nilipoziona picha hizo nilifurahi sana, nikasema sasa na kwetu iwe hivyo. Lakini hapa lazima tuwe wakweli. Wale mafundi walipigiwa makofi wakiwa na ajira tayari. Tukiiga sehemu ya makofi peke yake, tukamtoa mama wa pasi jukwaani akapungia watu mkono halafu akarudi nyumbani kwa nauli ya kukopa, tutakuwa tumemfanya pambo. Kwanza alipwe, kisha tumshangilie kwa nguvu zote.

Wabunifu wetu nawaelewa, na wengi ninawafahamu. Mdhamini anaahidi fedha taslimu, inakuja nusu yake, na nusu nyingine inakuwa katoni za vinywaji. Bei ya kitambaa Mtaa wa Uhuru inapanda bila kumuuliza mtu. Baada ya onesho watu wanapiga picha na nguo, wanaozinunua ni wachache. Mbunifu chipukizi mara nyingi anajilipia mwenyewe, na usiku wa onesho anaondoka akiwa na deni kubwa kuliko wote waliomo ukumbini. Ukimwambia aandae mkataba kwa kila mvalishaji, anakutazama kama umemtukana.

Nami namwambia bado: punguza mavazi. Ukiwa na fedha ya kuwalipa watu wa mavazi manane, onesha manane. Hakuna mgeni aliyewahi kwenda nyumbani akilalamika kwamba mbunifu fulani alionesha machache. Ishirini yanayotoka kwa kufuatana haraka yanachosha macho, na mengine yanatoka yakiwa na uzi unaning'inia kwa sababu aliyetakiwa kuukata alikuwa anawavalisha watu watatu peke yake.

Mkataba nao hauhitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha: jina, kazi, saa ya kuanza na kumaliza, chakula, usafiri wa usiku, kiasi cha malipo na saa ya kulipwa. Saa ya kulipwa iwe kabla vazi la mwisho halijatoka. Hapo ndipo mtu wa mikono anapata angalau kitu kidogo cha kushikilia kama mwenye spika. Siku hizi fedha inatumwa kwa simu kwa sekunde chache, kwa hiyo sababu ya kwamba mhasibu amekwishaondoka imekufa. Usafiri nautaja kwa makusudi. Wengi wa wavalishaji ni mabinti, wanatoka saa saba usiku wakiwa na mfuko wa sindano na pasi, na mji wetu saa hizo daladala zimeshalala.

Waandaaji wakubwa wana nguvu zaidi ya mbunifu mmoja. Wanapokea michango ya ushiriki na fedha za udhamini, kwa hiyo wanaweza kutenga fungu la wafanyakazi wa nyuma na kulikabidhi kwa mtu asiyehusika na mapambo wala wageni, ili lisiguswe maua yanapozidi bei. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, linatoa vibali vya matamasha. Linaweza kumtaka mwombaji aambatanishe orodha ya watu wake wa nyuma na makubaliano yao, na likamkumbuka mwaka unaofuata kama hakuwalipa. Wadhamini nao waulize. Kampuni inayotaka nembo yake ionekane jukwaani ina haki kamili ya kujua kama waliolitayarisha jukwaa hilo wamelipwa.

Magazeti tuna sehemu yetu, na ya safu hii naitimiza kuanzia sasa. Mbunifu au mwandaaji yeyote mwenye onesho mwezi ujao aniletee orodha ya waliofanya kazi nyuma, kwa idhini yao, pamoja na kazi ya kila mmoja na tarehe aliyolipwa. Nitaichapa hapa yote, hata ikila safu nzima. Naomba yawe majina kamili, maana huko nyuma watu wengi huitwa kwa kazi zao tu, Mama Pasi, Dogo Viatu, Dada wa Pini, na hayo siyo majina waliyopewa na wazazi wao. Orodha zifike mapokezi ya ofisi yetu kabla ya Jumatano jioni ndipo ziwahi gazeti la Jumamosi.