Asiyekuwapo na Lake Lipo

Kuna methali ambayo kila mtoto wa Rumonge ameisikia kabla hajajua kuogelea: asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye sahani ya ubwabwa ni mzaha tu, unacheka na kumhurumia ndugu aliyechelewa. Kwenye ardhi si mzaha. Mimi ni mtoto wa Gatete, naandika nikiwa hapa kambini Nyarugusu, na leo naipinga methali hiyo mbele za watu. Naipinga kwa sababu naona imeanza kupewa kazi ofisini, kazi ya kupitisha vibali.

Nawaeleza jambo lilipoanzia. Pale tunapochajia simu, vijana wamezoea kuangalia video za bustani za burudani. Mnazijua: bembea kubwa kama ghorofa, mabwawa ya kuteleza, vigari vya kukimbia juu ya reli huku watu wanapiga kelele, na hoteli pembeni. Wanauliza, kwa nini kwetu isiwe hivi? Ziwa si tunalo? Mchanga si tunao? Swali lao ni halali kabisa. Gatete leo hakuna bembea. Kuna michikichi, mihogo na mapipa ya mawese yanayochemka, na ukishuka ziwani kuna ndagala zimeanikwa. Lakini barabara ya kutoka Bujumbura inapita ukingoni mwa ziwa mpaka Rumonge na kuendelea Nyanza-Lac, na watu wa mjini wameshazoea kuja Resha wikendi kuoga na kula mukeke. Serikali imetangaza kwamba nchi itakuwa inayoibukia 2040 na iliyoendelea 2060. Katika hesabu za namna hiyo, ukanda wa ziwa hauwezi kusahauliwa. Mwenye pesa atakuja. Mimi siulizi kama atakuja. Nauliza siku hiyo atabisha hodi kwa nani.

Tuangalie walikobishiwa wengine.

Aprili 2021 mwanamuziki Akon alikwenda Uganda, akaonana na wakubwa, ikatangazwa kwamba atajenga mji wa kisasa. Akatafutiwa eneo la maili moja ya mraba Mpunge, Wilaya ya Mukono, kwenye Ziwa Victoria. Watu wa Mpunge, wenye migomba na kahawa yao, wakajikuta wanaishi ndani ya mchoro wa mtu. Wakaandamana, wakasema sisi hatujalipwa na hapa ndipo kwetu. Mwenzake wa mji huo ulikuwa Senegal, kijiji cha Mbodiène, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2020 kwa mbwembwe nyingi. Julai 2025 mkuu wa shirika la serikali ya Senegal linalosimamia maeneo ya utalii akasema mradi ule haupo tena. Jiwe lilibaki, mji haukuja. Sasa jiulize: mtu aliyeambiwa miaka mitano asipande mti wa kudumu shambani mwake, kwa kuwa patajengwa, hiyo miaka mitano atarudishiwa na nani?

Huko Marekani nako, Novemba 1993, kampuni ya Disney ilitangaza bustani kubwa Haymarket, jimbo la Virginia, karibu na uwanja ambapo watu wengi walikufa kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Bunge la jimbo liliunga mkono, likatenga mamilioni ya dola kwa barabara na mengineyo. Lakini wenyeji na wanahistoria wakasema hapana, mahali pa wafu wetu hapawekwi bembea. Septemba 1994 kampuni ikaondoka. Kampuni tajiri namna ile! Ilishindwa kwa sababu wapinzani wake walikuwapo. Walikuwa na anwani, magazeti, mawakili na kiti kwenye kikao.

Na Uingereza, Aprili 2025, serikali ilitangaza kwamba Universal watajenga bustani karibu na mji wa Bedford, mahali palipokuwa viwanda vya matofali. Wanataka kufungua 2031, na wanategemea wageni milioni 8.5 kwa mwaka. Kibali chake hakikuachiwa halmashauri ya pale, serikali kuu ilikishika yenyewe kwa amri maalumu. Hapo pana la kulaumu. Hata hivyo, kabla ya uamuzi, ramani zilitandazwa kwenye kumbi, watu wakaalikwa kuziangalia, wakauliza habari za foleni za magari na kelele, wakaandika maoni yao. Hata walioharakisha mambo waliona aibu kutouliza kabisa.

Sasa rudini nami Gatete. Kwetu wa kuulizwa ni nani?

Aprili 1972 machafuko yalipoanzia Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji ya serikali yakafuata nchi nzima, ukanda wetu ulimwagika kuelekea Tanzania. Wazee wetu walikwenda Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao ardhi haikulala. Nyingine walipewa watu wengine, nyingine ikaingizwa kwenye mashamba ya michikichi ya mradi wa serikali. Waliorudi miaka thelathini baadaye wakakuta itongo la baba lina nyumba ya mtu, na mtu huyo ana karatasi, na watoto wake wamezaliwa pale. Halafu tukakimbia sisi, wa 2015. Mnaikumbuka Kagunga: maelfu juu ya kile kipande cha mchanga, kipindupindu, na meli ya Liemba inatuchukua awamu kwa awamu mpaka Kigoma. Kwa hiyo katika kolini moja ya Rumonge unaweza kukuta tabaka tatu za wenye haki: aliyekimbia 72, aliyewekwa baada yake, na aliyekimbia juzi. Wote watatu wakisema "hapa ni pangu", hakuna muongo hata mmoja.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema wazi kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na isipowezekana alipwe fidia. Ikaja 2006 tume ya ardhi, CNTB. Mwanzoni ilipenda wagawane, nusu kwa nusu. Baada ya 2011 ikageuka, ikasema mwenye mali arudishiwe yote, na upande wa pili ukalia. 2022 muda wake ukaisha. Kesi hazikuisha.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo, naomba msikilize vizuri. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Aliyekimbia anamshitaki aliyekaa, aliyekaa anamlaani aliyekimbia, na wote wawili ni wakulima wa mihogo. Akija wa tatu mwenye ramani na gari la vioo vyeusi, ofisi itamwambia nini? Eneo hili lina mgogoro, hakuna mwenye hati safi, basi lihesabike la serikali, na la serikali linaweza kutolewa. Kugombana kwetu ndiko kutakuwa kibali chake. Kwa hiyo ndugu yangu unayelima leo shamba la baba yangu, nakwambia bila kinyongo: mbele ya bembea, mimi na wewe tuko upande mmoja.

Watu watasema sheria ipo. Ni kweli ipo. Katiba inataka fidia ya haki, tena itangulie. Sheria ya ardhi ya 2011 imeweka utaratibu wa cheti kwenye komini: watu wanapita mipaka na majirani, tangazo linabandikwa, anayepinga anapewa muda wa kupinga. Ni utaratibu mzuri kwa aliyeko. Tangazo linabandikwa kwenye ukuta wa komini, mimi niko nje ya mpaka. Jirani aliyejua mti wetu wa mpaka yuko Zoni 8. Shahidi wa pili amezikwa hapa hapa. Siku za kupinga zinaisha, karani anaandika "hakuna pingamizi". Kweli, hakuna pingamizi. Na hakuna aliyeulizwa. Hivyo ndivyo methali inavyogeuka muhuri.

Kuna jambo la pili, la ziwa lenyewe. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ziachwe bila majengo. Wajanja walijenga hata hivyo, tumeona kwa macho. Kisha ziwa likaanza kupanda kuanzia mwaka 2018 na kuendelea, likaingia kwenye hoteli, kwenye baa za mchangani, kwenye nyumba za wavuvi, na 2024 likafukuza watu wengi ukanda mzima. Wazee hawakushangaa, maana wanakumbuka maji ya miaka ya sitini. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zikizidi maji hayana haraka ya kuondoka. Anayetaka kuweka mabwawa ya kuteleza ukingoni aulizwe kwanza: mita zako 150 unazihesabu kuanzia wapi, maji yalipo kiangazi au yalipofika 2024? Kwa sababu maji yakipanda na bustani ikasogea juu, itasogea wapi? Itasogea kwenye mihogo yetu.

Najua nitakavyojibiwa. "Huyu mkimbizi anapinga maendeleo, anakula mgao huku anawazuia wenzake kupata kazi." Hapana bwana. Nataka kijana wa Gatete auze tiketi, aendeshe mtambo, awe fundi umeme, awe meneja pia. Nataka mama auze samaki zake kwa bei ya mtalii. Nachokataa ni kazi ya siku mbili ya kuchimba msingi kwenye shamba langu mwenyewe, halafu lango linafungwa, na kiingilio chake ni mshahara wa mwezi.

Wengine watasema: "Ukitaka kuulizwa, rudi nyumbani." Hilo tunaambiwa kila wiki kwa sauti mbalimbali. Lakini jamani, turudi wapi? Mtu anaandikishwa kurudi, anaambiwa habari za basi, chakula cha miezi ya mwanzo, pesa kidogo za kuanzia. Mimi niliketi kwenye kikao kimoja cha namna hiyo nikauliza habari ya shamba. Nikajibiwa kwa upole kwamba hilo ni suala la ndani ya nchi. Sawa. Na kurudi je, si ndani ya nchi? Unamrudisha mkulima bila ardhi, umemrudisha wapi? Umemhamisha tu kutoka foleni moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na kila moja linawezekana.

La kwanza, mradi wowote mkubwa wa ukanda wa ziwa, uwe bustani ya burudani, hoteli au bandari, tangazo lake lisomwe pia makambini, kwa Kirundi na Kiswahili, kabla muda wa kupinga haujaanza kuhesabiwa. Serikali mbili na shirika la wakimbizi wanakaa meza moja kujadili kuturudisha. Meza hiyo hiyo inaweza kubeba karatasi moja zaidi.

La pili, ndugu zetu wa mashirika: kwenye fomu zenu mnatuuliza ukubwa wa familia, magonjwa, ujuzi wa kushona. Ongezeni mistari minne. Kolini yako ni ipi? Shamba lako linapakana na nani juu, chini, kulia, kushoto? Nani alibaki pale? Nani anaweza kushuhudia? Hiyo si siasa. Ni kumbukumbu, na wazee wanaozijua wanapungua kila msimu wa mvua. Ziara zile za kwenda kuona nyumbani zipite na kwenye ofisi ya ardhi ya komini, zisiishie kwenye zahanati iliyopakwa rangi mpya.

La tatu linatuhusu wenyewe. Tusingoje fomu. Kila familia ya Rumonge, ya Gatete, ya Kizuka, ya Minago, ya Kigwena, ichukue daftari. Andika jina la kolini, kijito, mti wa mpaka, majirani wanne, mwaka mliotoka. Wazee wawili waweke dole gumba. Toa nakala, moja ibaki kwako, nyingine kwa ndugu wa blok nyingine, maana nyasi za mapaa yetu zinawaka haraka. Na kama anayelima shambani kwako anapatikana kwa simu, mpigie. Usianze na matusi. Mwambie: tutaongea yetu mimi na wewe, ila akija mtu na ramani usisaini kabla hujanipigia.

Hapa ofisi ya jarida tumeweka daftari la kuanzia, ni la kurasa mia mbili. Jumamosi baada ya mgao, njoo na mzee wako.