Binti Naye Ajibu

Neno moja latosha kumnyamazisha msichana wa miaka 14 katika shule za Ilemela: mshamba. Huitwa hivyo aliyetoka Igombe au Kayenze, ambaye ulimi wake hutamka l penye r kwa kuwa Kisukuma cha mamaye hakina r. Wanaomwita hivyo si maadui, ni rafiki zake. Punde hujifunza kucheka wanapocheka, na kuikana lugha ya bibi yake asije akabaki peke yake. Adui angemjibu; rafiki hajui amkatalie vipi bila kumpoteza.

Je, ushairi wetu umemwekea akiba gani? Umemwekea wosia. Mwaka 1858 Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa kumwasa juu ya dini, adabu na ndoa. Shaaban Robert naye alimtungia wake Utenzi wa Hati. Hizo ni hazina, wala sizibezi. Lakini humo mzazi husema na mtoto husikiliza, ilhali shinikizo la rika halishuki kutoka juu; latoka ubavuni, kwenye dawati lile lile. Binti aliyefunzwa kutii tu atamtii mama nyumbani, na shuleni atawatii wenzake.

Kinachomfaa zaidi ni malumbano. Muyaka wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu hata miji yao ilipokuwa ikihasimiana. Kanuni yajulikana: ajibuye hufuata vina na mizani ya mwenzake, ila hoja huipindua. Akivunja mizani kwa hasira, ameshindwa. Akikubali kila neno, hajajibu. Basi ni sanaa ya kubaki pamoja na mtu huku ukimkatalia, na ndiyo hasa anayoikosa msichana huyu.

Wala si jambo geni Usukumani. Wagika na Wagalu wameshindana kwa ngoma na nyimbo kwa vizazi, kila upande ukitamba mbele ya mwingine, na ujirani ukadumu.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kiswahili na malenga wa Mwanza: tupunguze insha za "madhara ya makundi mabaya", ambazo binti huandika yale tunayotaka kusoma. Tuwape wasichana wawili wawili beti tatu za tarbia. Mmoja amcheke mshamba, mwenzake ajibu kwa vina vile vile. Kisha wabadilishane pande. Atakayesema kwamba watatukanana, akumbuke kuwa tusi halihitaji mizani kumi na sita. Kuzihesabu kwenyewe humtaka mtu atulie na kuwaza.

Na binti wa Igombe atakaposimama kughani jibu lake, atamke l penye r akipenda. Mizani haitapungua hata moja.