Linki ya Zaka na Ufunguo wa Kabati

Mwaka wa uchungaji ulitukuta sisi wawili katika parokia moja ambayo hatutaitaja. Paroko alikuwa na vigango vinne, katibu mmoja, na madaftari ya zaka ya kila jumuiya, mengine yameloa mvua, mengine yamebaki kwa mwenyekiti aliyehamia mjini. Akatuambia, "Mafrateri, ninyi ndio watu wa kompyuta, nisaidieni." Tukafungua jedwali moja kwenye Google Sheets, tukaingiza familia zote: baba, mama, jumuiya, namba ya simu, zaka ya kila mwezi, na mwishoni safu moja tuliyoiita "Maelezo".

Likaja suala la nani aingie humo. Njia iliyofaa ilikuwa kumwalika kila kiongozi wa jumuiya kwa baruapepe yake. Lakini wengi wao baruapepe zao zilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku waliyonunua simu, na hawazikumbuki. Tukachukua njia ya mkato: yeyote mwenye linki afungue na aandike. Linki tukaituma kwenye kundi la WhatsApp la viongozi, tukaenda kula tukiwa tumejipongeza.

Mwezi haukuisha. Linki ilitoka kwa viongozi ikaingia makundi ya jumuiya, na kutoka huko ikafika mpaka kundi la kamati ya harusi. Mtu ambaye hatujamjua hadi leo alibadilisha zaka ya familia moja kutoka shilingi 5,000 ikawa 50,000. Hilo lilituchekesha. Lililofuata halikuchekesha. Mama mmoja alikuja sakristia baada ya Misa ya kwanza, akasema Tumsifu Yesu Kristo kama siku zote, akatoa simu na kutuonyesha mstari wa familia yake. Kwenye "Maelezo" palikuwa pameandikwa kwamba ndoa yao haijabarikiwa, pamoja na sababu. Akauliza, "Frateri, nani ameandika hapa?" Aliyeandika ni mmoja wetu. Alikuwa ameyasikia kwa mama huyohuyo, tulipomtembelea nyumbani kwake. Tangu siku hiyo hakuonekana kwenye jumuiya mpaka tulipoondoka.

Hatuwezi kumlaumu Google kwa hilo, wala kiongozi aliyesambaza linki. Mlango tuliuacha wazi sisi wenyewe. Tunaliandika hapa kwa sababu majedwali ya namna hii yanazidi kufunguliwa, ya zaka, ya wakatekumeni, ya wagonjwa wa kupelekewa Komunyo, na mara nyingi anayeombwa kuyafungua ni frateri aliye likizo au uchungajini.

Ajabu ni kwamba kwa karatasi tunajua la kufanya. Hakuna paroko anayeacha kitabu cha ubatizo kwenye benchi la nje ya kanisa. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliagiza maparoko wawe na vitabu vya kuandika ubatizo na ndoa, wavitunze kwa uangalifu, na agizo hilo bado liko hai. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inataka kila parokia iwe na vitabu vyake na mahali pa kuvihifadhi, Askofu avikague anapofanya ziara ya kichungaji, na paroko ahakikishe haviangukii mikononi mwa wasiohusika. Kuhusu hifadhi ya nyaraka za jimbo, Kanuni ya 487 inasema ifungwe, na ufunguo wawe nao Askofu na kansela tu. Mwenye kabati anajulikana, mwenye ufunguo anajulikana. Sasa jedwali letu la zaka lilikuwa na habari nyingi za watu kuliko kitabu cha ubatizo, na ufunguo wake ulikuwa unazunguka kwenye kundi la harusi.

Hata hivyo programu hizi zina ufunguo, tena zaidi ya mmoja. Hati ya Google Docs au Sheets ina mwenyewe, yaani aliyeifungua. Wengine wote hupewa ngazi moja kati ya tatu: kusoma tu, kusoma na kuacha maoni pembeni, au kuhariri, yaani kuandika na kufuta. Wengi wetu tunaishia hapo. Tunasahau kwamba mtu aliyepewa ngazi ya kuhariri, kama mwenye hati hakulizuia hilo kwenye mipangilio, anaweza naye kuwaalika wengine. Ukitia hati mpya ndani ya folda uliyokwisha kuwashirikisha watu ishirini, watu hao ishirini wanaiona hata kama hukuwakusudia. Na aliyepewa kusoma tu anaweza kupakua nakala yake, usipomzuia. Ukimzuia, bado anayo kamera ya simu. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya nani aone, ni kama jambo lenyewe linapaswa kuandikwa humo. Ile safu yetu ya "Maelezo" haikustahili kuwepo.

Lakini kupata maarifa haya si kazi. Jioni moja inatosha. Kazi iko kwenye kumwondoa mtu. Kwetu kumpa mtu ufunguo ni heshima, na kumnyang'anya ni kumwambia humwamini. Mwenyekiti wa zamani wa jumuiya amemaliza muda, amechaguliwa mwingine, na jina lake bado limo kwenye jedwali miaka miwili baadaye, kwa sababu hakuna anayethubutu kulitoa. Tulijaribu mara moja. Mzee alitupigia simu usiku: "Wanangu, nimekosa nini?" Hakuwa amekosa kitu. Tulikosa sisi kutomwambia mapema kwamba ruhusa ile ilikuwa ya cheo, na cheo kimehamia kwa mwingine. Paroko anapohamishwa hukabidhi ofisi, vitabu na funguo, na hatujasikia paroko akiulizwa amekosa nini. Makabidhiano ya viongozi wa jumuiya yangeweza kufanyika vivyo hivyo, mbele ya watu: daftari, muhuri kama upo, na jina kwenye orodha ya wenye ruhusa. Likifanyika hadharani kwa wote, halimwaibishi mmoja.

Seminarini tuna upande wa pili wa shida hiyohiyo. Kwetu anayeondoka huondoka na funguo. Darasa letu lilikuwa na folda ya muhtasari wa masomo ya falsafa, kazi ya miaka miwili, yote chini ya akaunti binafsi ya mwenzetu mmoja mwenye bidii. Mwenzetu alitambua kwamba wito wake ni mwingine, akaondoka kwa amani. Baada ya miezi kadhaa alisafisha akaunti yake, folda ikaenda. Kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha hakipatikani tena, na sisi tuligundua tumechelewa. Hata angekaa kimya tu hatukuwa salama: tangu Desemba 2023 Google hujipa haki ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Kitu cha wote hakifai kukaa chini ya jina la mmoja, hata awe mwema kiasi gani. Parokia iwe na akaunti yake, darasa liwe na akaunti yake, na nenosiri lijulikane na watu wawili wanaotajika.

Tumewasikia wenzetu wakipinga. Wanasema Kanisa ni familia, tunafundishwa kutembea pamoja, na siri ndizo zilizoleta majeraha mengi. Hoja ina uzito, na hatutaki ijibiwe haraka. Fedha zikifichwa, waamini wana haki ya kuuliza. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawatolee waamini hesabu ya mali ambazo waamini wenyewe wamezitoa. Lakini hesabu inayodaiwa hapo ni ya aliyepokea: kiasi gani kimeingia, kimetumika wapi, kimebaki kiasi gani. Hiyo ibandikwe mlangoni, isomwe baada ya matangazo, iwekwe kwenye linki ya wote ikibidi. Nani alitoa 2,000 na nani hakutoa ni habari nyingine. Tunajua zipo parokia zinazosoma majina ya wasiotoa zaka, na tunaona si vizuri, linki au bila linki.

Na siku hizi jambo hili si la Kanuni 220 peke yake, ile inayolinda jina jema na faragha ya mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayohesabu imani ya mtu na hali yake ya ndoa kuwa taarifa nyeti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Parokia nazo hukusanya taarifa za watu, na mwamini anayeuliza zinatunzwaje anastahili jibu.

Pendekezo letu ni dogo. Askofu au dekano anapokagua vitabu vya parokia, aombe pia kuonyeshwa orodha ya wenye ruhusa kwenye hati za mtandaoni: nani anasoma, nani anahariri, na ni nani kati yao bado ana kazi hiyo.

Kwenye ile parokia tulirekebisha kabla ya kuondoka. Linki ya wote tuliifunga. Zaka tuliigawa, kila jumuiya na jedwali lake, na kiongozi aliingizwa kwa jina. Wasio na baruapepe waliendelea na daftari la karatasi na kulileta kwa katibu kila mwisho wa mwezi, wala halikuharibika jambo. "Maelezo" yote tuliyafuta, na jedwali la zamani tukalifuta lote, kwa sababu hati hutunza historia ya kila kilichoandikwa. Nyumbani kwa yule mama tulikwenda wote wawili. Alitukaribisha chai, akasikiliza, akasema, "Nimewasikia wanangu," basi.

Siku ya mwisho paroko alituita ofisini, akafungua kompyuta ya parokia, akatutoa na sisi kwenye orodha. Mmoja wetu alijaribu kufungua jedwali akiwa ndani ya basi. Simu ikamwambia aombe ruhusa.