Nyumba Njema si Mlango: Askari Anunuapo Makazi Busia na Tororo

Nyumba njema si mlango, walisema wazee, na msemo huo huwahusu zaidi watu ambao kazi huwalaza mbali na milango yao wenyewe. Askari jeshi au polisi hununua nyumba katika likizo ya siku chache. Huiona mchana wa jua, hupendezwa na rangi yake, hulipa, kisha hurejea kikosini. Wanaobaki humo ni mke na watoto. Au mume na watoto, maana siku hizi akina mama askari nao hununua. Kwa hiyo nyumba ya askari haina budi kupimwa kwa swali moja: je, aliyebaki nyumbani ataweza kukaa humo salama, na kuitetea mbele ya mdai yeyote, mwenzake akiwa mbali mwaka mzima?

Busia swali hilo ni zito, kwa kuwa mpaka wa Uganda na Kenya wapita katikati ya mji. Jina la mji ni moja, sheria ni mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Uganda nayo, chini ya Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998, humpa mgeni ardhi ya kukodi pekee. Lakini koo za Wasamia na Waiteso zimekaa pande zote mbili tangu kabla ya mpaka kuwekwa, na shauri lisikikalo mara kwa mara ni hili: “Andikisha kwa jina la shemeji yako wa ng’ambo.” Shauri hilo ni baya. Atambuliwaye na sheria ni yule ambaye jina lake limo katika hati. Shemeji akifariki, warithi ni watoto wake, wala si watoto wa askari aliyetoa fedha.

Hata sarafu yataka uangalifu. Sokoni Busia shilingi za nchi zote mbili hupita mkono kwa mkono, na shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi ishirini za Uganda. Mkataba unaosema “shilingi milioni mbili” bila kutaja nchi ni mkataba wa ugomvi.

Upande wa Uganda, sehemu kubwa ya ardhi ya vijiji vya Tororo na Busia humilikiwa kimila, yaani chini ya ukoo, bila hatimiliki. Kununua ardhi ya namna hiyo si kosa, ila karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji haitoshi peke yake. Mnunuzi na aketi na wazee wa ukoo na majirani wa pande zote nne, watembee mpakani pamoja, na kila mmoja atie sahihi. Muhimu zaidi, mkewe awepo siku hiyo, ili majirani wamjue kwa sura. Siku ya ubishi, jirani aliyemwona akikanyaga mpaka atakuwa shahidi wake. Iwapo muuzaji anaonyesha hatimiliki, isipokewe kwa macho tu. Daftari lichunguzwe katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi iliyoko Tororo, nakala ilinganishwe, na mpimaji athibitishe alama za mpaka.

Mke wa muuzaji naye asisahauliwe. Sheria ya Ardhi ya Uganda, pamoja na marekebisho ya mwaka 2004, hairuhusu ardhi ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mume na mke; na Kenya, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, hukataza vivyo hivyo kuhusu nyumba ya ndoa. Mwanamume anayeuza harakaharaka huku mkewe “amekwenda kwao” ni wa kuogopwa, hata akipunguza bei. Hasa akipunguza bei.

Yakiisha ya karatasi, yaja ya kuta. Tororo iliwahi kutajwa katika vitabu vya hali ya hewa kuwa na siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na yeyote aliyelala chini ya mwamba wake hatabisha. Basi nyumba itazamwe mara baada ya mvua kubwa, si kiangazi. Maji yamesimama wapi? Dari ina madoa? Mistari ya unyevu imepanda kiasi gani ukutani? Plasta na rangi hufunika mengi: mahali palipomeguka pakwanguliwe kwa msumari, na ikimwagika udongo mwekundu kati ya matofali, saruji ilikuwa ya nje tu. Fremu za milango zigongwe chini, mchwa hukaa huko. Waya wa kupeleka radi ardhini ni jambo la kuulizia kabla ya kuulizia vigae.

Halafu mahali penyewe. Kiwanja kando ya barabara kuu ya Malaba au Busia hufaa duka, lakini misururu ya malori usiku na mchana si jirani wa watoto wadogo. Karibu na kiwanda cha saruji, upepo uelekeako ndio uamuzi. Karibu na mashimo ya dhahabu ya Tiira, ichunguzwe ardhi iliyo chini ya msingi. Na mama atakayechota maji ndiye aulizwe kama bomba hutoka maji kweli.

Kuhusu fedha, wanajeshi wa Uganda wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, na polisi wana Exodus. Mkopo usimalizwe wote kwenye bei. Mpimaji, wakili, ushuru wa stempu (ambao mjini upande wa Kenya ni asilimia 4 ya thamani) na matengenezo ya paa vyote vinangoja. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya nyumba kukabidhiwa ikiwa tupu, na hati iandikwe majina ya mume na mke. Nakala moja ibaki kwa wakili, nyingine kwa mke, si katika sanduku la askari kambini.